Watoka Wapi? Habari za Kutaja Kwetu kwa Kiingereza

Katika maswali yote ambayo mtu huulizwa ugenini, la kwanza ni hili: Watoka wapi? Kwa Kiswahili hatupati taabu kulijibu. Mtu wa Butiama husema, "Natoka Butiama," au, "Kwetu ni Butiama," na mambo yakaisha. Lakini mtu huyo huyo akiulizwa kwa Kiingereza husita kidogo, kisha hujibu, "I am coming from Musoma." Jibu hili lina makosa mawili. La kwanza ni la sarufi, nalo ni dogo. La pili limetokana na historia ya nchi yetu, nalo ni kubwa kuliko lile. Twapenda kuyaeleza yote mawili, maana yameshikamana.

Tuanze na lile dogo. Neno letu "natoka" huchukua maana mbili. Abiria aliyeshuka garini pale Bunda husema, "Natoka Musoma," yaani safari yake ya leo imeanzia huko. Na mtu aliyekaa Dar es Salaam miaka ishirini naye husema, "Natoka Musoma," yaani huko ndiko kwao. Waingereza wamezitenga maana hizi. Mtu akitaja kwao husema, "I come from Musoma," au kwa ufupi, "I am from Musoma." Akitaja safari husema, "I have just come from Musoma." Basi ukisema, "I am coming from Musoma," msikilizaji hudhani ungali njiani, na huenda akakuuliza utafika lini.

Wako wenzetu wapendao kuandika "I hail from." Si kosa, lakini ni usemi wa vitabuni kuliko wa vinywani, na Mwingereza katika mazungumzo ya kila siku hausemi sana. Wengine huandika "I am a native of Bunda." Hapa yatupasa kukumbuka mambo ya kale. Katika Kiingereza neno hilo maana yake ni mzaliwa wa mahali, na hata mtu wa London aweza kuitwa hivyo. Lakini Waingereza walipoitawala Tanganyika walilitia katika sheria zao, kama ile ya mwaka 1926 iliyohusu utawala wa wenyeji, likawa jina la Mwafrika, la kumtenga na Mzungu na Mhindi. Wazee wengi walioitwa hivyo hawakulipenda. "I was born in Bunda" husema jambo lile lile, wala halina uchungu ndani yake.

Sasa tulitazame lile kosa kubwa. Kwa nini mtu wa Butiama, au wa Bunda, hutaja Musoma?

Tumfikirie mtu aliyezaliwa Butiama mwaka 1910. Siku ile nchi yake ilikuwa chini ya Wajerumani, nayo iliitwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1920 Waingereza wakaiita Tanganyika. Wakati wao Butiama ilikuwa katika Wilaya ya Musoma, na wilaya hiyo ilikuwa katika Jimbo la Ziwa, ambalo makao yake makuu yalikuwa Mwanza. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Mwaka 1964 ikaungana na Unguja na Pemba, na mwaka huo huo ikapewa jina la Tanzania. Baada ya uhuru lile Jimbo la Ziwa likagawanywa, na upande wetu ukaitwa Mkoa wa Mara. Bunda ikawa wilaya, na mwaka 2012 Butiama nayo ikapewa wilaya yake. Majina haya yote yamepita juu ya mji wa mtu yule na wa wanawe na wajukuu wake, na nyumba yao haikuhama hata hatua moja.

Katika miaka ile boma lilikuwa Musoma. Mambo ya kodi na hukumu yaliishia huko, na meli za Ziwa zilitia nanga huko. Karatasi ya serikali ilipouliza wilaya, karani aliandika "Musoma," akiwa ameulizwa na Mzanaki, au na Mjita, au na Mwikizu, au na Msizaki. Hivyo jina la mji mmoja likawa jina la nchi nzima. Hapo haikuwa aibu, ilikuwa desturi ya ofisi tu. Lakini desturi ikikaa sana huzaa mawazo, na kijana akifika katika shule ya mbali huanza kudhani kwamba kijiji kisichojulikana na wenzake hakina haja ya kutajwa. Hapo ndipo aibu huingia.

Chukueni mfano wa mtu mmoja ajulikanaye na wote. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, naye babake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi katika nchi ya Wazanaki. Mwaka 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Kisha alisoma Tabora, na Makerere, na toka mwaka 1949 mpaka 1952 alisoma Edinburgh. Alikaa Dar es Salaam miaka mingi akiongoza nchi. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mwalimu akitaka kuwafundisha watoto jambo hili, maisha haya yamemwandalia somo zima. "He was born in Butiama. He went to school in Musoma. He studied at Edinburgh. He lived in Dar es Salaam. He died in London." Na mtoto akiuliza, "Where did he come from?" jibu ni moja tu: "He came from Butiama." Shule haikuwa kwao, wala ikulu haikuwa kwao. Jina la Butiama lajulikana leo katika nchi nyingi, wala halikujulikana kwa ajili ya boma au bandari.

Labda msomaji atasema: Mgeni hakijui kijiji changu, nitamwambiaje? Dawa yake ni kuanza na kidogo na kukizungushia kikubwa. "I come from a village near Bunda, on the road between Mwanza and Musoma." Wala usiseme "I come from Mara" ukanyamaza, maana wageni wengi wakisikia Mara hufikiri mbuga ya Wamasai iliyoko Kenya. Nao wana sababu, kwa kuwa mto Mara huanzia Kenya, hupita Serengeti, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Sema, "I come from Mara Region, in northern Tanzania, on the eastern shore of Lake Victoria." Hapo umemwonyesha ramani.

Liko neno moja linalotushinda, nalo ni "kwetu." Kijana aliyezaliwa na kulelewa Mwanza, ambaye wazazi wake ni watu wa Majita, husema bila wasiwasi kwamba kwao ni Majita, maana huko ndiko kwenye makaburi ya babu zake. Kiingereza hakina neno lililo sawa na hilo. "Home" yaweza kuwa nyumba tu alalamo mtu usiku huu. Basi kijana huyo aseme mambo mawili: "I grew up in Mwanza, but my family comes from Majita." Hajasema uongo, wala hajapoteza upande wowote.

Mambo haya si ya darasani tu. Kijana mmoja tuliyemfundisha aliandika katika karatasi moja kwamba alizaliwa Musoma, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kusema, na katika karatasi ya pili akaandika Bunda, kwa kuwa ndiyo kweli. Ofisi moja ikamrudishia karatasi zake zote mbili, akahangaika miezi mitatu kutafuta mashahidi wa kuzaliwa kwake. Angalijua tangu mwanzo tofauti ya "I was born in" na "I went to school in," asingalipata taabu hiyo.

Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Wengi wetu hatukukataa kwetu kwa kusudi, bali tulikuta karani amekwisha kutuandikia. Twawaomba walimu wenzetu, kabla ya kuwafundisha watoto maneno mengine ya Kiingereza, wampe kila mmoja kazi ya kuandika sentensi tatu: alizaliwa wapi, amelelewa wapi, na jamaa zake watoka wapi. Na kila mmoja alitaje jina la kijiji chake kwanza.