Nyumba za Zamani za Kasongo

Mgeni afikapo kwetu Salamabila hukalishwa kwanza barzani, ndipo huulizwa habari za safari, na jioni hupikiwa wali. Desturi hii ina historia.

Tippu Tip alikaa Kasongo tangu mwaka 1875 hivi, akaufanya mji wake mkuu. Jeshi la Dhanis lilipouteka, Aprili 1893, daktari wao Mwingereza, Hinde, alistaajabu sana. Chumba alichojitwalia kilikuwa na urefu wa futi 80, na mlango wake ulifungukia bustani ya michungwa. Aliandika ya kwamba hata askari wadogo walilala juu ya magodoro ya hariri, katika vitanda vya kuchongwa vyenye vyandarua vya hariri. Mishumaa, sukari, viberiti, bilauri: vyote tele, kumbe wenyewe walikuwa wamevikosa siku nyingi!

Lakini vilifikaje, mwendo wa miezi kutoka pwani? Vilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu, navyo vilinunuliwa kwa pembe za ndovu zilizopatikana kwa kuchoma vijiji na kuteka watoto wa nchi hii. Wengine katika hao waliokua humo wakiwa watumwa ndio waliojifunza kupika wali na kumkaribisha mgeni barzani.