Plasmidi kibebajeni

Neno vekta limeelemewa. Katika hisabati ni kiasi chenye ukubwa na mwelekeo. Katika afya ni mbu na wadudu wenzake waenezao maradhi. Na katika uhandisi wa jeni ni plasmidi, yaani kiduara kidogo cha DNA kinachokaa ndani ya bakteria kando ya kromosomu na kujinakili kwa ratiba yake. Jina plasmidi, alilolitoa Joshua Lederberg mwaka 1952, limekwisha kuzoeleka na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na vekta, na zaidi na kienezi, tafsiri inayomjia haraka mtu aliyezoea habari za malaria. Pendekezo langu ni kibebajeni, neno lililoundwa kama kipazasauti na kipimajoto.

Tuichukue pBR322, iliyoundwa mwaka 1977 na Francisco Bolívar na Raymond Rodriguez, ambao majina yao ndiyo yaliyotoa herufi B na R, katika maabara ya Herbert Boyer huko San Francisco. Ina jozi za besi 4,361 tu. Humo mna mahali unakili unapoanzia, jeni mbili za usugu, moja dhidi ya ampisilini na nyingine dhidi ya tetrasaiklini, na sehemu ambapo vimeng'enya vya kukatia huikata mara moja tu. Mtafiti akipachika kipande chake cha DNA kwenye sehemu iitwayo BamHI, anaivunja jeni ya tetrasaiklini. Bakteria waliopokea plasmidi yenye kipande hicho wataota kwenye sahani yenye ampisilini, lakini wakihamishiwa kwenye sahani ya tetrasaiklini hawaoti, na kwa kutoota kwao huko mtafiti anajua mzigo umo. Sehemu hizi zote zipo kwa ajili ya mzigo: kuupokea, kuutunza, kuutambulisha. Tena, baada ya mkutano wa wanasayansi wa Asilomar wa 1975 kuhusu hatari za uhandisi wa jeni, usalama ulikuwa hoja kubwa, na pBR322 haina jeni za kujihamisha yenyewe kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Kuiita kienezi ni kuisifia uwezo ambao haina, na kumtia hofu bure msomaji anayesikia kwamba insulini yake ilitoka humo. Na kweli ilitoka humo: insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria mwaka 1978 ilitegemea plasmidi zilizojengwa juu ya pBR322.

Atakayetetea vekta atasema ni neno la kimataifa. Sawa, lakini asili yake ya Kilatini ni mbebaji, hivyo kibebajeni kinaurudisha ule ule ujumbe, nayo vekta ibaki kwa walimu wa hisabati. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kipande kinachobebwa mara nyingine si jeni kamili. Ni kweli, na silipuuzi. Hata hivyo kipimajoto hupima baridi pia na hakuna anayekosea kukisoma. Faida nyingine ni kwamba virusi vinavyotumika kwa kazi hiyo hiyo vitaitwa virusi vibebajeni, na mwanafunzi ataona undugu wao papo hapo. Waandishi wa vitabu vya baiolojia, andikeni plasmidi kibebajeni.