Mchango Hufuata Macho: Nani Anamlipa Mwandishi wa Programu ya Bure?

Hebu hesabu programu unazotumia bila kulipa hata shilingi. R ya kuchambulia takwimu, LaTeX ya kuandikia tasnifu, VLC ya kuangalizia filamu. Kila moja iliandikwa na watu, na watu wanakula, wanalipa kodi ya nyumba, wanasomesha watoto. Sasa nani anawalipa? Jibu moja, lenye zaidi ya miaka 40, ni hili: mtumiaji mwenyewe, akipenda.

Je, mtu anaweza kuishi kwa "akipenda"? Twende kwenye historia.

Mwaka 1982 Jim Knopf alikuwa mfanyakazi wa IBM, karibu na Seattle, Marekani. Aliandika programu ya kuchapa anwani za waumini wa kanisa lake. Wenzake kazini wakaipenda, wakanakili, nao wakawapa wengine. Muda si mrefu watu asiowajua wakawa wanataka marekebisho, na kila marekebisho yalimaanisha kununua diski na kulipia posta. Gharama zikamwelemea. Akaandika ujumbe ndani ya programu yenyewe: nakili, wape rafiki zako, na ikikufaa nitumie dola 10.

Mwaka huohuo, karibu na San Francisco, Andrew Fluegelman, mhariri aliyesomea sheria, alikuwa amefanya jambo lilelile. Programu yake, PC-Talk, iliziwezesha kompyuta kuwasiliana kupitia laini ya simu, naye aliomba dola 25. Hawa wawili hawakuwa wanajuana! Aliyewaunganisha ni mtumiaji aliyeona kwamba ujumbe wao unafanana. Wakakubaliana: programu ya Knopf iitwe PC-File, bei ya hiari iwe dola 25 kwa wote, na kila mmoja aitaje programu ya mwenzake ndani ya yake. Pesa zikaja. Knopf akafungua kampuni, na baadaye akaacha kazi IBM.

Kwa nini watu walilipa wakati hakuna aliyewalazimisha? Sababu zipo nyingi, lakini mimi naona moja ni kubwa: mtumiaji alikutana na programu uso kwa uso. Aliifungua mwenyewe, akaona imemsaidia, akasoma jina la aliyeiandika na mahali pa kutuma pesa. Ni kama mchango wa harusi. Unachanga kwa sababu unamjua bwana harusi, na jina lako litaonekana kwenye orodha ya grupu.

Mfano wa pili unatuleta karibu na nyumbani. Bram Moolenaar, Mholanzi, alitoa Vim mwaka 1991. Ni programu ya kuhariri maandishi, na waandika programu wengi wanaitumia mpaka leo. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea kwa mwaka mmoja Kibaale, eneo la Rakai, kusini mwa Uganda jirani na Tanzania, akishughulikia maji na usafi wa mazingira. Rakai ilikuwa imepigwa vibaya na UKIMWI, na yatima walikuwa wengi. Baadaye, ukifungua Vim bila faili, ulikuta ujumbe unaokuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Programu ni yako bure. Ukiridhika, mchango wako uende kwa watoto wa kituo cha Kibaale. Moolenaar alifariki mwaka 2023, na kwa miaka yote hiyo hakuacha kuomba. Hapa pia macho yalifanya kazi: mamilioni ya watu waliisoma sentensi hiyo kabla ya kuanza kazi.

Sasa tazama upande wa pili. OpenSSL ilianza mwaka 1998. Kazi yake ni kuficha mawasiliano kati ya kifaa chako na seva ili mtu wa katikati asisome nywila yako. Benki, barua pepe, maduka ya mtandaoni, wengi waliitegemea. Lakini nani aliwahi "kuifungua" OpenSSL? Imekaa chini kabisa, kama bomba la maji chini ya barabara. Michango iliyopata kwa mwaka? Takriban dola 2,000. Aliyeifanyia kazi muda wote alikuwa mtu mmoja tu.

Aprili 2014 bomba likapasuka. Hitilafu iliyopewa jina Heartbleed ilikuwa ya kusikitisha kwa urahisi wake. Kifaa kiliweza kuiambia seva, "nirudishie neno langu, lina herufi elfu kadhaa," hata kama neno lenyewe ni la herufi tatu. Seva haikuhakiki. Ilijazia nafasi iliyobaki kwa chochote kilichokuwa karibu kwenye kumbukumbu yake, nywila za watu zikiwemo. Hitilafu hiyo ilikuwa imekaa humo miaka miwili.

Habari zilipoenea, watu wakachanga: takriban dola 9,000 ndani ya wiki moja. Kwa mwaka wa kawaida ni nyingi, lakini hazitoshi kumwajiri hata mhandisi mmoja. Ndipo Linux Foundation ikayakusanya makampuni makubwa, yakiwemo Google, Microsoft na Amazon, na kila moja likaahidi angalau dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu.

Unaona mchoro? Mchango wa hiari haufuati umuhimu wa programu, unafuata macho. Kinachoonekana hupewa, na kilichofichika husubiri mpaka kivunjike. Ndiyo maana siamini kwamba sahani ya mchango peke yake itatosha kwa mabomba haya. Makampuni na taasisi zinazopata faida juu yake lazima ziingize gharama hiyo kwenye bajeti kabla ya ajali.

Na wewe msomaji? Programu unayoifungua kila siku ikikuomba, usiifunge haraka. Huna pesa? Ripoti hitilafu, tafsiri maelezo yake kwa Kiswahili, na kwenye tasnifu yako itaje kwa jina kama unavyotaja vitabu. Jina likitajwa, linaonekana. Na kama tulivyoona, kuonekana ndiko kunakoleta chakula mezani.