Utatuzi wa matatizo ya SQLite

Utatuzi wa matatizo ya SQLite ni kazi ya kutambua na kurekebisha hitilafu zinazotokea katika hifadhidata za SQLite. SQLite ni hifadhidata nyepesi iliyopachikwa: haina seva inayojitegemea, bali ni maktaba ya programu iliyoandikwa kwa lugha ya C. Maktaba hiyo huunganishwa ndani ya programu nyingine na kuhifadhi data zote katika faili moja la kawaida. Inatumika katika simu za Android na iPhone, katika vivinjari vya Firefox na Chrome, na katika programu nyingi za kompyuta.

Kwa kuwa hakuna seva, mara nyingi hakuna pia msimamizi wa hifadhidata anayeilinda. Data zote za duka, zahanati au shule zinaweza kukaa katika faili moja, na mtu anayejaribu kurekebisha hitilafu ndogo kwa haraka anaweza kuzipoteza kabisa. Matatizo mengi ya SQLite hutokana na jinsi faili hilo linavyotunzwa, kunakiliwa au kufunguliwa, wala si kasoro ya maktaba yenyewe.

## Historia fupi

SQLite ilianzishwa na Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000, alipokuwa akifanya kazi ya mkataba katika kampuni ya General Dynamics kwa ajili ya Jeshi la Majini la Marekani. Programu aliyoishughulikia, iliyokusudiwa kutumika ndani ya manowari, ilitegemea seva ya hifadhidata. Seva ilipozimika, programu nayo ilishindwa kufanya kazi. Hipp akataka mfumo unaosoma data moja kwa moja kutoka kwenye diski bila kupitia seva.

Toleo la 3, ambalo muundo wake wa faili unatumika hadi leo, lilitolewa mwaka 2004. Msimbo wa SQLite ni mali ya umma, hivyo mtu yeyote anaweza kuutumia bila leseni wala malipo.

## Faili kuu na mafaili ya pembeni

Baiti 16 za mwanzo za faili la SQLite huwa na maandishi `SQLite format 3` yakifuatwa na baiti ya sifuri. Faili limegawanywa katika kurasa zenye ukubwa sawa, kwa kawaida baiti 4,096 kila moja.

Kando ya faili kuu, kwa mfano `shule.db`, huweza kuonekana mafaili mengine:

* `shule.db-journal` ni daftari la kurejesha. Kabla ya kubadilisha ukurasa, SQLite huandika humo nakala ya ukurasa wa zamani. Umeme ukikatika katikati ya kazi, programu itakayofungua hifadhidata baadaye hulisoma daftari hilo na kurudisha hali ya awali.
* `shule.db-wal` hutumika katika hali iitwayo WAL, iliyoongezwa mwaka 2010. Hapa mabadiliko mapya huandikwa kwanza katika faili la pembeni, kisha huhamishiwa katika faili kuu baadaye.
* `shule.db-shm` husaidia michakato mbalimbali kusoma faili la WAL kwa pamoja. Halibebi data za kudumu na huundwa upya linapohitajika.

Mafaili mawili ya kwanza ni sehemu ya hifadhidata. Anayefuta daftari la kurejesha baada ya umeme kukatika anaweza kubaki na hifadhidata iliyobadilishwa nusu. Anayefuta faili la WAL anaweza kupoteza kumbukumbu ambazo programu ilikwisha kuthibitisha kuwa zimehifadhiwa. Kwa sababu hiyo mafaili haya hayafutwi kwa mkono, hata yanapoonekana kama takataka zilizobaki.

## Hatua za kwanza

Kabla ya kujaribu marekebisho yoyote, utaratibu salama ni huu:

1. Kufunga programu zote zinazotumia hifadhidata.
2. Kunakili faili kuu pamoja na mafaili yake ya pembeni katika folda nyingine, bila kubadilisha majina.
3. Kufanya majaribio yote kwenye nakala na kuacha faili la asili lilivyo.
4. Kusoma ujumbe na namba ya hitilafu.
5. Kuangalia nafasi iliyobaki kwenye diski na ruhusa za faili na folda.

Majaribio hufanywa kwa `sqlite3`, programu rasmi ya mstari wa amri. Namba za hitilafu zinazoonekana mara kwa mara ni hizi:

| Namba | Jina | Maana |
|---|---|---|
| 5 | SQLITE_BUSY | Muunganisho mwingine umeshikilia kufuli |
| 8 | SQLITE_READONLY | Hakuna ruhusa ya kuandika |
| 10 | SQLITE_IOERR | Kusoma au kuandika kwenye diski kumeshindikana |
| 11 | SQLITE_CORRUPT | Muundo wa faili umeharibika |
| 13 | SQLITE_FULL | Nafasi imekwisha |
| 14 | SQLITE_CANTOPEN | Faili halikuweza kufunguliwa |
| 19 | SQLITE_CONSTRAINT | Data imevunja sharti la jedwali |
| 26 | SQLITE_NOTADB | Faili si hifadhidata ya SQLite |

## Hifadhidata kufungwa

Ujumbe `database is locked` huambatana na namba 5. SQLite huruhusu wasomaji wengi kwa wakati mmoja, lakini mwandishi mmoja tu. Mwandishi wa pili anapokuta kufuli hupewa hitilafu hiyo papo hapo, kwa sababu muda wa kusubiri uliowekwa tangu mwanzo ni sifuri.

Chanzo cha kawaida ni muamala ulioachwa wazi, yaani kundi la amri lililoanza bila kukamilishwa kwa `COMMIT` au kufutwa kwa `ROLLBACK`. Hutokea pia mtu anapobadilisha data kwa programu ya kutazamia hifadhidata, akasahau kuhifadhi, huku programu kuu ikiendelea kufanya kazi.

Suluhisho ni:

* Kuweka muda wa kusubiri katika kila muunganisho. Amri `PRAGMA busy_timeout = 5000;` huiambia SQLite isubiri hadi milisekunde 5,000 kabla ya kukata tamaa.
* Kuanza miamala ya kuandika kwa `BEGIN IMMEDIATE`. Miamala miwili ikianza kwa kusoma, kisha yote ikataka kuandika, mmoja unaweza kukataliwa hata kama muda wa kusubiri umewekwa.
* Kufupisha miamala, hasa kutosubiri jibu la mtumiaji au la mtandao wakati muamala uko wazi.
* Kutumia `PRAGMA journal_mode = WAL;` ili wasomaji wasimzuie mwandishi, wala mwandishi asiwazuie wasomaji. Hata hivyo mwandishi hubaki mmoja.

Kufuli halimo ndani ya faili. Linasimamiwa na mfumo endeshi na huondoka mchakato ulioshikilia unapokufa. Kwa hiyo hakuna faida ya kufuta mafaili ya pembeni ili "kufungua" hifadhidata. Katika Linux, amri `fuser shule.db` huonyesha mchakato unaotumia faili, na huo ndio wa kushughulikiwa.

## Kushindwa kufungua au kuandika

SQLite inahitaji ruhusa ya kuandika katika folda, si katika faili peke yake, kwa sababu mafaili ya pembeni huundwa humo. Tatizo hili huonekana sana kwenye seva za wavuti: msanidi hufungua hifadhidata bila shida kwa akaunti yake, lakini programu inayoendeshwa na akaunti ya seva hushindwa. Tiba yake ni kuipa akaunti hiyo umiliki au ruhusa ya folda husika.

Ujumbe `no such table` nao huwashangaza wengi wanaojua kwamba jedwali lipo. SQLite inapopewa njia ya faili lisilokuwepo, kwa kawaida huunda hifadhidata mpya iliyo tupu. Programu iliyotumia jina tupu kama `shule.db` bila kutaja folda inaweza kuwa imefungua faili jipya mahali pengine. Dalili yake ni faili la baiti sifuri katika folda isiyotarajiwa. Kutumia njia kamili ya faili huondoa utata huo.

## Uharibifu wa faili

Programu kuzimika ghafla peke yake hakuharibu hifadhidata. Daftari la kurejesha liliundwa kwa ajili ya hali hiyo. Uharibifu hutokana zaidi na mambo yafuatayo:

* kunakili faili kwa njia ya kawaida wakati programu inaandika;
* kufuta faili la pembeni, au kulitenganisha na faili kuu;
* kuweka hifadhidata kwenye folda ya mtandao ambayo kufuli zake hazifanyi kazi ipasavyo;
* kuhamisha au kubadilisha jina la faili likiwa wazi;
* kadi za kumbukumbu na flashi duni zinazodai kuwa zimehifadhi data kabla ya kufanya hivyo kweli;
* kutumia `PRAGMA synchronous = OFF` mahali ambapo umeme hukatika.

Uchunguzi hufanywa kwa amri:

`PRAGMA integrity_check;`

Hifadhidata nzima hujibu `ok`. Kama makosa yanahusu faharasa peke yake, amri `REINDEX;` huziunda upya kutoka kwenye majedwali. Kama majedwali yenyewe yameguswa, data huokolewa kwenda faili jipya:

`sqlite3 mbovu.db ".recover" | sqlite3 mpya.db`

Amri hiyo ipo katika matoleo ya tangu mwaka 2019. Kabla yake ilitumika `.dump`. Matokeo yake yanahitaji kukaguliwa. Mistari iliyokwisha kufutwa inaweza kurudi, na mingine isiyojulikana jedwali lake huwekwa katika jedwali liitwalo `lost_and_found`. Uokoaji hauhakikishi kurudi kwa data zote, hivyo nakala nzuri ya akiba ni bora kuliko faili lililookolewa.

Namba 26 ni jambo tofauti. Mara nyingi inamaanisha kwamba faili ni la aina nyingine, au limesimbwa kwa zana kama SQLCipher na linahitaji nenosiri. Kuangalia baiti 16 za mwanzo husaidia kutofautisha.

## Ucheleweshaji

Nje ya muamala uliotajwa wazi, kila amri ya kuandika huwa muamala wake, na SQLite husubiri diski ithibitishe kabla ya kuendelea. Diski ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika inaweza kukamilisha takriban miamala 60 tu kwa sekunde. Kuingiza mistari 10,000 mmojammoja kwa namna hiyo huchukua dakika kadhaa. Mistari hiyohiyo ikiwekwa kati ya `BEGIN` na `COMMIT` moja huingia kwa muda mfupi sana.

Kwa usomaji wa polepole, amri `EXPLAIN QUERY PLAN` huwekwa mbele ya ulizo. Neno `SCAN` huonyesha kwamba jedwali linapitiwa lote, na `SEARCH` kwamba faharasa au ufunguo unatumika. Kuongeza faharasa kwenye safu inayotafutwa mara nyingi hutatua tatizo, ingawa kila faharasa huongeza kazi wakati wa kuandika.

## Faili lisilopungua

Kufuta mistari hakupunguzi ukubwa wa faili. Kurasa zilizoachwa huwekwa kando ili zitumike tena. Amri `VACUUM;` hulijenga faili upya, lakini inaweza kuhitaji nafasi huru hadi mara mbili ya ukubwa wa faili la asili. Kama diski imekaribia kujaa, nafasi hutafutwa kwanza.

Faili la WAL likikua bila kukoma, kwa kawaida kuna msomaji aliyeacha muamala wazi kwa muda mrefu na kuzuia uhamishaji wa data. Akifungwa, amri `PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE);` hulirudisha kwenye ukubwa wa sifuri.

## Data zisizotarajiwa

SQLite hailazimishi aina za data kama hifadhidata nyingine. Safu ya `INTEGER` inaweza kupokea maneno, na `VARCHAR(10)` haizuii maandishi marefu zaidi. Mfano unaofahamika ni namba za simu zinazoanza na 07: zikiwekwa katika safu ya `INTEGER`, sifuri ya mwanzo hupotea. Hata safu iliyotangazwa kuwa `STRING` huzigeuza kuwa namba, kwa kuwa jina hilo halitambuliwi kama aina ya maandishi. Aina sahihi ni `TEXT`. Tangu mwaka 2021 jedwali linaweza kuundwa kwa neno `STRICT` ili aina zizingatiwe.

Vilevile masharti ya funguo za kigeni kwa kawaida hayatekelezwi hadi muunganisho uamriwe `PRAGMA foreign_keys = ON;`. Bila hiyo, mwanafunzi anaweza kufutwa huku alama zake zikibaki bila mwenyewe.

## Nakala za akiba

Kunakili faili kwa njia ya kawaida ni salama pale tu programu zote zimefungwa vizuri. Hifadhidata inayotumika hunakiliwa kwa amri ya `sqlite3`:

`.backup akiba.db`

au kwa amri ya SQL iliyoongezwa mwaka 2019:

`VACUUM INTO 'akiba.db';`

Nakala inapaswa kufunguliwa na kupimwa kwa `integrity_check`, kisha kuhifadhiwa kwenye kifaa kingine. Nakala iliyo kwenye diski ileile hupotea pamoja na diski hiyo.

## Mipaka ya SQLite

Baadhi ya matatizo hayatatuliwi kwa marekebisho, kwa sababu matumizi yenyewe yamepita uwezo wa hifadhidata iliyopachikwa. Kompyuta nyingi zikihitaji kuandika kupitia mtandao kwa wakati mmoja, hifadhidata yenye seva kama PostgreSQL au MySQL inafaa zaidi. Kwa programu moja kwenye kifaa kimoja, SQLite hutosha.

## Tazama pia

* Hifadhidata
* SQL
* Mfumo endeshi
* Android