Mikono kabla ya kalamu: sanaa ya mtoto mdogo nyumbani

Mwaka 1837, mwalimu Mjerumani Friedrich Fröbel alifungua katika mji wa Bad Blankenburg kituo cha watoto wadogo, ambacho baadaye alikiita bustani ya watoto. Katika mfumo wake watoto walikunja karatasi, wakasuka vipande vyake na kufinyanga udongo. Serikali ya Prussia ilivipiga marufuku vituo hivyo mwaka 1851, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1860.

Kazi hizo zinawezekana hata jikoni. Huchanganywa vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi na maji kidogo kidogo, hadi donge lisigande vidoleni. Kijiko cha mafuta hulilainisha. Mtoto wa miaka 3 hulibinya na kuliviringisha. Wa miaka 5 huweza kuumba herufi ya kwanza ya jina lake. Kubinya huko huvipa vidole nguvu ya kushika kalamu. Mzazi anayeharakisha kunakilisha herufi mara nyingi huambulia mtoto anayeikimbia karatasi. Donge hilo lisiliwe, kwani chumvi yake ni nyingi mno kwa mtoto.

Vizibo vya soda hufaa kwa kuhesabu na kupanga rangi. Maharagwe na shanga, vipenzi vya walimu wengi, huingia puani au kwenye njia ya hewa kwa kufumba na kufumbua. Kwa aliye chini ya miaka 3, hata vizibo viwekwe mbali.

Mtoto akileta alichokiumba, swali la "hiki ni nini?" humfunga mdomo, "nieleze ulivyokitengeneza" humfungulia maneno.