Gari Likisema, Nani Anasikia?

Katika mwaka 1950 reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda. Urefu wake ni kilometa zipatazo 210, nayo haikujengwa kwa ajili ya abiria. Wakoloni walitaka madini ya risasi yaliyochimbwa Mpanda yafike pwani. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki, ikawabeba wananchi na mahindi yao kwa miaka mingi, hasa masika, barabara zilipogeuka kuwa tope.

Abiria wa treni, akishapata kiti, hajiulizi swali moja kubwa: dereva anajuaje kwamba mbele yake hakuna treni nyingine? Njia ni moja tu. Treni yenye mabehewa mazito haisimami ghafla kama baiskeli. Dereva akishaiona nyingine ikimjia, mara nyingi nafasi ya kuzuia ajali imekwisha. Ndiyo maana katika reli za njia moja kazi ya kutazama mbele haikuachiwa macho ya dereva peke yake. Wakuu wa stesheni mbili walizungumza kwa waya, wakakubaliana kwamba kipande cha njia kilichopo kati yao ni kitupu, ndipo dereva akapewa idhini ya kuondoka. Asiye na idhini alingoja.

Gharama ya treni mbili kukutana katika njia moja tunaijua. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi nyuma kwa kasi ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa.

Baharini hakuna waya wa kuunganisha meli na meli, kwa hiyo mabaharia walitumia simu ya upepo. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli ya Titanic ilipogonga mlima wa barafu, iliomba msaada kwa chombo hicho. Meli ya Californian ilikuwa karibu kuliko Carpathia, lakini mtumishi wake wa simu alikuwa amekwenda kulala. Carpathia ndiyo iliyosikia, ikafika na kuwaokoa watu zaidi ya 700. Wengine wapatao 1,500 walikwisha kufa. Chombo cha kusemea kilikuwapo. Lililokosekana ni sikio la jirani.

Sasa turudi barabarani. Mwaka 2022 barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Sikonge, Koga na Inyonga hadi Mpanda ilizinduliwa rasmi. Ni neema kubwa kwa Mkoa wa Katavi. Lakini lami imeleta mwendo kasi, na hakuna mkuu wa stesheni anayempa dereva wa lori idhini ya kupita. Badala yake madereva wamejitungia lugha yao wenyewe. Matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani husema kwamba mbele kuna gari bovu. Taa kubwa zikiwashwa na kuzimwa husema kuna hatari, au kuna askari. Lori likiwasha taa ya kulia, dereva wa nyuma husoma: usipite. Likiwasha ya kushoto husoma: pita, njia nyeupe.

Hapo ndipo penye mauti. Sheria inasema taa ya kushoto ina maana moja, kwamba gari linaelekea kushoto. Dereva wa lori anayetaka tu kuegesha apoze injini anawasha taa hiyo hiyo. Aliye nyuma yake, mwenye basi lililojaa watu, anadhani ameruhusiwa. Anatoka upande wa kulia, na huko anakutana na gari jingine uso kwa uso. Hakuna aliyesema uongo. Walizungumza lugha mbili kwa neno moja.

Mataifa tajiri yanajaribu kuifanyia mashine kazi hiyo. Gari linatangaza kwa mawimbi ya redio, mara 10 hivi kila sekunde, lilipo, mwendo wake, na kama limekanyaga breki. Gari jingine, mita mia kadhaa nyuma, linapokea habari hizo hata kama lori au kona imelikinga lisione. Marekani ilitenga mawimbi kwa shughuli hiyo mwaka 1999. Mwaka 2016 serikali yake ilipendekeza kila gari dogo jipya liwe na chombo hicho. Pendekezo hilo halikuwa sheria. Wataalamu waligawanyika katika kambi mbili zenye mitambo tofauti, ambayo haielewani. Mwaka 2020 zaidi ya nusu ya mawimbi yale iligawiwa intaneti isiyo na waya. Toyota ilianza kuuza magari ya aina hiyo Japani mwaka 2015, lakini gari lenye ulimi likizungukwa na mabubu linazungumza na nani?

Kwetu, mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vinavyopeleka habari za mwendo wao kwa LATRA. Ni jambo jema. Lakini basi hilo linazungumza na ofisi. Haliambiwi lolote na lori lililo mbele yake.

Ndugu wasikilizaji, sisemi tungoje mashine hizo, wala sisemi tuzikatae. Nasema kwamba reli ya Mpanda ilitufundisha mapema kuliko Toyota: kinachookoa maisha ni makubaliano, waya hufuata. Polisi wa usalama barabarani, LATRA, shule za udereva na vyama vya madereva wakae pamoja waamue taa ya kushoto ina maana gani, kisha wamfundishe hivyo kila anayeomba leseni, kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam. Kazi hiyo haihitaji mawimbi wala fedha za kigeni. Na mpaka itakapofanyika, dereva uliye nyuma ya lori, taa ya mwenzako isikupe ruhusa ambayo macho yako hayajakupa. Tahadhari kabla ya hatari.