Utandawazi: Kinachotandaa ni Nini?

Ndani ya utandawazi mna tanda na wazi. Wapo waliopendekeza utandaridhi, wakichukua ardhi badala ya wazi, lakini utandawazi ndilo lililoshika. Katika uchumi, neno hili lina maana ya bidhaa, mitaji, ujuzi na ajira kuvuka mipaka kwa urahisi, hata shati moja likapitia nchi tatu kabla ya kufika dukani.

Hotuba nyingi hushikilia wazi: ondoeni ushuru, fungueni milango, wawekezaji waje. Nchi maskini hunufaika zaidi na tanda, yaani ujuzi na kazi kuenea hadi kwao.

Bangladesh ni ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya nguo ya Desh, ya Noorul Quader, iliingia mkataba na kampuni ya Daewoo ya Korea Kusini. Nguo za Korea zilikuwa zimewekewa ukomo katika masoko ya Marekani na Ulaya. Za Bangladesh bado. Desh ikapeleka wafanyakazi wapatao 130 Pusan, Korea Kusini, wakajifunze kushona, kukagua ubora na kuendesha kiwanda. Baada ya miaka michache, zaidi ya 100 kati yao walikuwa wameshaondoka, wakafungua viwanda vyao au kuajiriwa na washindani. Desh ilipoteza wafanyakazi, taifa likapata tasnia nzima.

Serikali haikukaa pembeni. Iliruhusu vitambaa kuingia bila ushuru, alimradi vitoke vikiwa nguo, na benki zikawadhamini wenye viwanda wanunue vitambaa kwa kutegemea oda za wateja wa nje. Leo nguo ni zaidi ya asilimia 80 ya mauzo ya nje ya Bangladesh, na zimeajiri mamilioni, wengi wao wanawake.

Ulinzi wa wafanyakazi haukutandaa kwa kasi hiyo. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya nguo, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Ni baada ya vifo hivyo ndipo kampuni nyingi zinazonunua nguo zilipotia saini na vyama vya wafanyakazi mkataba wenye nguvu ya kisheria kuhusu usalama wa majengo. Kuchelewa huko hakuna utetezi.

Kwetu Tanzania, wazi imetangulia tanda: Mtwara na Lindi soko la nje lilishafunguka zamani, ila sehemu kubwa ya korosho husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Huko ndiko zinakobanguliwa, kupangwa madaraja na kufungashwa, na mafuta ya maganda yake kuuzwa viwandani. Mkulima hulipwa bei ya ghafi. Ujira wa kubangua hubaki ng'ambo.